Sauti Isiyo na Mwenyewe

Mama Spika alikuwa na kipande cha mkate mdomoni aliposikia sauti yake mwenyewe ikitangaza treni.

Haikuwa sauti ya kufanana na yake. Ilikuwa yake hasa, pamoja na ule mvuto wa mwisho wa neno ambao wanafunzi walizoea kumwigiza wakiwa kwenye foleni ya tiketi. "Abiria mnaokwenda mjini, treni yenu inaingia. Simameni nyuma ya mstari." Kidole chake hakikuwa kwenye kitufe. Kipaza sauti kilikuwa mezani, kimefunikwa kile kitambaa chake cha kufutia jasho, kama alivyokifunika mwenyewe alipoanza kula. Alibaki ametumbua macho, shavu limevimba kwa mkate, huku abiria wakirudi nyuma ya mstari kwa utiifu wao wa kila siku. Treni ikaingia kweli, ikabeba watu wake, ikaenda zake.

Hakuna aliyeshtuka. Wa kushtuka nani, na tangazo lilikuwa sahihi? Alimeza mkate, akajiambia ni uchovu, akafungua dirisha la kibanda chake apate hewa. Hewa iliyoingia ilinuka moshi wa makaa ya mawe, na pale stesheni makaa hayakuwa yamechomwa tangu yeye hajazaliwa.

Stesheni yenyewe ilikuwa ya pembeni ya mji, na ilizaliwa kwa sababu ya kiu. Enzi za treni za moshi, injini zilipanda kilima cha pale zikifika juu hoi, zinataka maji. Wajenzi wa reli wakachimba kisima, wakainua tangi la chuma juu ya chumba cha mawe, injini zikawa zinasimama kunywa. Abiria wakishuka kunyoosha miguu, wachuuzi wakawafuata, wachuuzi wakajenga vibanda, na vibanda vikawa mtaa. Baadaye zikaja treni za dizeli, kisha za umeme, zisizojua kiu. Tangi likakauka, ila hakuna aliyethubutu kulibomoa. Huduma nazo zikapukutika moja moja: mgahawa ukafungwa, chumba cha kupumzikia akina mama wenye watoto wachanga kikageuka stoo ya mifagio, na choo kikabaki cha kuingia kwa kuziba pua. Kilichodumu ni dirisha la tiketi na chumba cha vitu vilivyosahaulika, kilichokuwa hapo chini ya tangi.

Kitu ambacho hakikujengwa kamwe ni daraja la kuvukia. Kila stesheni masta mpya aliliahidi, akastaafu, akamwachia ahadi hiyo mwenzake. Abiria walivuka reli kwa mbao zilizolazwa mwisho wa jukwaa, na walivuka kwa neno la Mama Spika. Akisema njia iko wazi, wanavuka. Asiposema, hata mlevi hasogezi mguu. Binti yake mwenyewe, tangu akiwa mdogo wa kushikwa mkono, alifundishwa hivyo hivyo: usikanyage reli mpaka usikie sauti ya mama. Yeye ndiye aliyekuwa daraja lao, na alijivunia, mpaka alipomvusha Bi Chupa.

Bi Chupa alikuwa muuza chai, mwanamke mfupi mwenye chupa kubwa za chai, moja kila mkono, na kicheko cha kusikika ng'ambo. Kikombe cha kwanza cha asubuhi hakukiuza. Alikipitisha kwenye dirisha la kibanda na kusema, "Dada, lainisha koo, watu wanakungoja." Mumewe alikuwa fundi viatu aliyekaa langoni mwa stesheni, na kwa ajili ya udada huo Mama Spika alimwita shemeji.

Asubuhi ile kulikuwa na mvua. Mtu wa ishara alipiga simu ya kazini: treni ya haraka, isiyosimama pale, inakuja kwa wakati wake, ya kawaida ndiyo imechelewa. Mama Spika aliyapokea maneno hayo kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa kwenye simu yake ya mkononi, ambako mdogo wake alikuwa akimsimulia jinsi mawifi walivyogombana kwenye harusi mpaka wigi la mmoja likaangukia kwenye keki, naye alikuwa amekufa kwa kicheko. Akabonyeza kitufe, machozi ya kicheko yangali machoni. "Treni ya haraka imechelewa. Njia iko wazi, vukeni." Bi Chupa, mwenye wateja wake ng'ambo, akavuka. Treni ya haraka haikuwa imechelewa.

Wakubwa walikuja na suti zao kuchunguza. Mama Spika akaona kazi inamponyoka, akamwona binti yake anarudishwa kutoka chuo cha ushonaji kwa kukosa ada, na ulimi ukatangulia kabla hajaupima. "Tangazo hilo si langu," alisema. "Sauti hiyo siijui. Naapa, si yangu." Wachache waliosema wameisikia waliambiwa mvua ilikuwa kubwa, huenda walisikia mambo mengine. Wakubwa wakaandika kwamba marehemu alivuka kwa uzembe, wakafunga mikoba yao, wakaondoka.

Tangu hapo kila alipopita langoni fundi alimuuliza swali lile lile, kwa upole ambao ulimchoma kuliko matusi. "Shemeji, mke wangu alikuwa mtu wa kuangalia kushoto na kulia hata akivuka uchochoro. Ilikuwaje hata akakatiza reli?" Naye alijibu, "Mipango ya Mungu, shemeji," akaharakisha kupita. Alikuwa amemzika mara mbili mwanamke aliyemletea chai kila asubuhi, mara ya pili kwa jina la mzembe, na hilo alilijua kila alipolala na kila alipoamka.

Sasa, baada ya ile siku ya mkate, sauti ikaanza kuzoea. Ilitangaza akiwa chooni, ilitangaza akiwa anazungumza na stesheni masta uso kwa uso, na stesheni masta, aliyekuwa hasikilizi matangazo kwa mazoea, hakugundua kwamba mtangazaji amesimama mbele yake mdomo umefungwa. Kadiri sauti ile ilivyonawiri huko kwenye spika, ya kooni mwake ilinyauka. Ilianza kukwaruza, ikawa ya kuvunjika, mwisho ikabaki mnong'ono wa mtu mwenye mafua makali.

"Mama, umeenda hospitali?" binti yake alimuuliza wakati wa chakula.

"Nimekwenda. Wanasema koo halina kitu."

"Ajabu. Maana jioni nimekusikia pale stesheni unatangaza vizuri tu, kama redio."

Mama Spika akaweka kijiko chini. "Mwanangu, nisikilize. Kuanzia kesho ukisikia sauti yangu, usivuke."

Binti akacheka. "Mama nawe! Tangu nikiwa mtoto uliniambia nisivuke mpaka niisikie. Sasa nifuate lipi? Kuna nini?"

Hapo ndipo pa kusema, na mdomo aliufungua. Lakini kulijibu hilo kungevuta na lile jingine, na lile jingine lingevuta jina la Bi Chupa mpaka pale mezani. "Spika ni mbovu," alinong'ona. "Zunguka kwa barabara kuu." Binti akaitikia kwa namna watoto wanavyowaitikia wazazi waliochoka.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, jukwaa limejaa, spika zikakohoa. Ile harufu ya moshi ikatanda, na ndani yake sasa mlikuwa na harufu nyingine, ya chai yenye tangawizi. "Treni ya haraka imechelewa," ikasema sauti ya Mama Spika, na nyuma yake kikasikika kicheko kinachozuiwa, kile kile cha asubuhi ya mvua. "Njia iko wazi, vukeni." Mzee mmoja mwenye sanduku akashuka kwenye mbao. Fundi mwashi aliyekuwa nyuma yake akamdaka ukosi wa koti, na treni ya haraka ikapita ikiwapiga vumbi usoni.

Ikawa vurugu. Watu walilizunguka dirisha la kibanda wakipiga ngumi kioo, na walichokiona ndani ni mwanamke aliyekaa mikono juu ya kichwa, kipaza sauti kikiwa sakafuni na waya wake umechomolewa. Waliokuwa mbele walinyamaza, wakarudi nyuma taratibu, wakiwakanyaga waliokuwa nyuma yao. Stesheni masta akaita fundi umeme, akakata nyaya zote, akashusha spika zote kutoka kwenye nguzo. Zilipokuwa zimepangwa chini mbele ya ofisi yake, zilitangaza treni inayofuata. Akamweka mlinzi kwenye mbao na bendera nyekundu, kisha akatuma watu kwa maalimu.

Maalimu alikuja alasiri na ubani na kitabu. Alikuwa mtu mtaratibu, wa kuvua viatu hata kwenye sakafu ya mafuta. Alinusa hewa ya kibandani, akatikisa kichwa, akaifuata pua yake mpaka kwenye chumba cha mawe chini ya tangi. Humo alimkuta mtunza vitu vilivyosahaulika, mzee waliyemwita Babu Sahau, kakaa kwenye kigoda katikati ya miavuli na mikoba isiyo na wenyewe. Stesheni masta na Mama Spika wakaingia pia, mlango ukarudishwa. Maalimu akasoma, akafukiza, akasoma tena. Juu yao, ndani ya tangi lililokauka miaka mingi, tone likadondoka. Likafuata jingine. Kisha kitu kizito kikajigeuza humo, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini kwenye kitanda kidogo, na maji ambayo hayakuwepo yakasikika yakipanda na kushuka.

"Wewe uliye juu," maalimu alisema, "rudisha ulichoiba uende zako."

"Sikuiba," ilijibu sauti ya Mama Spika kutoka kwenye chuma, na mwenyewe akashika koo lake. "Nimeokota. Ilitupwa. Mwenyewe aliapa mbele ya watu kwamba si yake. Kisicho na mwenyewe hapa ni cha nani? Muulizeni mzee."

Wote wakamgeukia Babu Sahau. Mzee alikuwa akitazama miguu yake.

"Ni chake," alisema. "Ndiyo makubaliano ya tangu kisima. Wachimbaji walikuta maji yana mwenyeji. Akawaambia maji chukueni, ila mnachokitupa ninyi nakichukua mimi. Mtunza wa kwanza akamwachia mwavuli uliokosa mtu, asubuhi haupo. Ndivyo tulivyoendelea. Kitu kikikosa mtu wa kukidai muda wake ukapita, nakiacha hapa, nafunga mlango. Asubuhi siulizi. Kamwe hakugusa kitu chenye mwenyewe."

Maalimu akakifunga kitabu chake. "Basi mimi hapa sina kazi," alisema. "Mwizi ningemtoa. Huyu kakaa kwenye haki yake, siwezi kumfukuza mtu kwenye haki yake." Akavaa viatu. Mlangoni alimtazama Mama Spika kidogo, bila ukali, na jambo hilo lilimwumiza zaidi. "Ila kitu kilichookotwa, mama, mwenyewe akija hudai."

Stesheni masta alitoka nyuma ya maalimu karibu akimbie. Mama Spika alibaki.

"Babu," alinong'ona, "nataka kudai."

"Unajua utaratibu," mzee alisema. "Useme ni kitu gani, ulikipoteza wapi, na ndani mna nini. Na awepo shahidi asiyekuwa mfanyakazi wa stesheni. Ukilaghai hata neno moja, hakirudi, na hakidaiwi tena." Alisimama, akachungulia kwenye dirisha dogo la kupokelea wateja. Jua lilikuwa linazama. Abiria wa jioni hawakuwa wameanza kushuka. Langoni alikuwepo mtu mmoja tu, ameinamia kiatu, misumari midomoni.

Mama Spika alimwona pia. Alitamani shahidi awe yeyote mwingine, awe mtu wa kumtukana, awe askari wa kumfunga pingu. Wakati huo huo kutoka bondeni ikasikika honi ya treni ya kawaida ikikaribia, ile ambayo kila jioni ilimrudisha binti yake kutoka chuoni na kumshusha ng'ambo ya pili.

Alitoka akaenda langoni, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya sanduku la fundi.

"Inuka, shemeji," fundi alisema, akitema misumari kiganjani. "Unaumwa?"

"Njoo unisikilize. Naomba. Njoo usikie tu."

Akamfuata mpaka chumba cha mawe bila kuuliza, kiatu cha mtu kingali mkononi. Kule jukwaa la pili treni ya kawaida ilisimama, ikashusha watu, ikaondoka. Na mara ile harufu ikashuka juu ya stesheni nzima, moshi na tangawizi, nzito kiasi cha kulamba, na kutoka juu ya tangi, bila spika, bila waya, sauti ikafunguka kwa utamu ambao Mama Spika hakuwahi kuwa nao hata ujanani, ikasema treni ya haraka imechelewa, njia iko wazi, vukeni, na mlinzi, ambaye alikuwa ameonywa na kuapishwa na stesheni masta, akaishusha ile bendera yake nyekundu kama mtu aliyeshikwa na usingizi, na abiria waliokuwa wakisitasita wakaanza kutazamana, na msichana mwenye mkoba wa vitambaa akasimama kwenye ukingo wa jukwaa, akikumbuka nusu ya onyo la mama yake, mpaka sauti iliposhuka chini, ikawa ya nyumbani, ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, ikasema, "Vuka, mwanangu. Ni mama."

Binti akashuka kwenye mbao.

Mama Spika alimwona kupitia dirisha dogo. Alipiga ukelele, na kilichotoka ni pumzi tupu.

"Ni kitu gani?" Babu Sahau aliuliza haraka, akilia.

"Sauti. Sauti yangu."

"Ulikipoteza wapi?"

"Mbele ya wakubwa, nilipoikana. Tangazo lilikuwa langu. Nilikuwa nacheka kwenye simu, nikageuza maneno, nikamwambia avuke. Hakuwa mzembe. Alinisikiliza mimi." Aliyasema yote akimtazama fundi, kwa sababu alijua akitazama pengine atapunguza neno. Kiatu kilianguka kutoka mkononi mwa fundi.

Reli zilianza kuimba. Tayari taa ya treni ya haraka ilikuwa imepinda kona.

"Ndani mna nini?" mzee akauliza.

Hapo alikwama. Ndani ya sauti mna nini? Juu ya tangi maji yalitulia, kitu kile kikisikiliza, na binti yake alikuwa katikati ya mbao ameduwaa na mwanga usoni. Ndipo akanusa tena ile tangawizi, akaelewa ni nini alichokuwa akikinusa siku zote.

"Ndani yumo Bi Chupa," alisema. "Yumo mke wake huyu."

Kitu baridi kikamshuka kooni, kipana, chenye ladha ya chuma, kikamjaa mpaka kifuani. Na mara sauti ikatoka, yake mwenyewe, ikapasua kioo cha lile dirisha dogo: "Rudi nyuma!" Binti akaruka nyuma kama aliyevutwa nywele. Treni ya haraka ikapita kati yao, behewa kwa behewa, na ilipokwisha kupita alikuwa amekaa ng'ambo kwenye kokoto, vitambaa vyake vimetapakaa, mzima.

Kibandani hakurudi tena. Aliwaandikia wakubwa kila kitu, wakamwachisha kazi, na jina la Bi Chupa likasafishwa kwa karatasi iliyobandikwa karibu na dirisha la tiketi. Kwenye tangi kulinyamaza. Matangazo siku hizi yanatoka kwenye mashine, na watu wanavuka kwa kuangalia kushoto na kulia. Binti alikaa wiki nzima bila kumsemesha mama yake, kisha akamsemesha. Kama ingeishia hapo, Mama Spika angemshukuru Mungu akalala.

Lakini mtu akidai mkoba, anachukua na vilivyomo. Aliligundua hilo jioni ya kwanza nyumbani, alipomwambia binti yake afunge mlango. Maneno yalipoisha mdomoni mwake, kuna kitu kiliendelea. Sauti nyingine, ya chini, ya mwanamke mfupi mwenye kuhema kwa mizigo, ikatoka kwenye koo lile lile: "Ngoja nivuke, mume wangu. Wamesema njia iko wazi."

Ni hayo tu, na hayabadiliki. Akisema neno moja au mia, mwishoni yanafuata hayo. Alijifunza kukaa kimya. Anaonyesha kwa vidole, anaandika, anaitikia kwa kichwa, na majirani wanadhani mshtuko umemfanya bubu.

Nje ya nyumba ile anayejua ni mmoja, aliyeyasikia alipokuja kumjulia hali. Kila jioni, akishafunga sanduku lake, fundi viatu anakuja na kigoda chake mpaka barazani kwa Mama Spika. Hamlaumu. Hajawahi kumlaumu, wala kusema amemsamehe. Anakaa, anaweka mikono yake yenye gundi juu ya magoti, anatazama chini.

"Sema chochote, shemeji," anamwomba. "Hata kama ni habari ya hewa."

Na Mama Spika, ambaye angetoa roho yake asiyasikie maneno yale tena, anafungua mdomo na kusema.